Pulaski, Kes au Ezri: Umpe Nani Nafasi ya Pili?

Mashabiki wa Star Trek, mkusanyiko wa tamthilia za kubuni za safari za angani, wakianza kutaja wahusika wa kike wanaowakera, majina matatu hayakosi: Daktari Katherine Pulaski wa The Next Generation, Kes wa Voyager na Ezri Dax wa Deep Space Nine. Yupo anayetaka kuwarudia aone kama aliwaonea. Yupo pia anayeanza tamthilia hizi leo na tayari kaambiwa huyu mruke, yule mvumilie. Wote wawili wanabanwa na muda. Episodi moja ni dakika 45 hivi, msimu una episodi 20 na ushei, na si kila mtu ana bando la kuwafuata watatu kwa mpigo. Hapa tunawapima kwa vigezo vilevile ili uchague wa kuanza naye.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Chuki iliyowapata ilitokana zaidi na nafasi waliyokalishwa kuliko mambo waliyoyatenda. Pulaski aliingia mahali pa daktari aliyekwisha kuzoeleka, Kes alifunikwa na aliyemfuata, na Ezri alifika matanga ya aliyemtangulia hayajaanuliwa. Hilo haliwafutii kasoro. Wanazo, na ya Pulaski si ndogo.

Matukio makubwa ya tamthilia zote tatu yanatajwa humu, pamoja na miisho yake. Asiyetaka kujua mapema aishie hapa.

Vigezo

Cha kwanza ni jinsi alivyoingia: alikuta nini, na nini kilikuwa kikiendelea nyuma ya kamera. Cha pili ni lawama anazotupiwa na kiasi cha ukweli wake. Cha tatu, kama anabadilika kadiri hadithi inavyokwenda. Cha nne ni mzigo, yaani kiasi cha tamthilia unachopaswa kukijua kabla hujamwelewa. Cha mwisho ni episodi za kuanzia na za kukwepa.

Uigizaji hatukuufanya kigezo, kwa sababu wote watatu wanajua kazi yao na kigezo hicho kisingekusaidia kuchagua.

Jinsi walivyoingia

Pulaski alikuja mwaka 1988, msimu wa 2. Gates McFadden, aliyeigiza Daktari Beverly Crusher, alikuwa ameondolewa baada ya msimu wa 1, na nafasi yake akapewa Diana Muldaur, mwigizaji mzoefu aliyekuwa ameshaonekana mara mbili katika Star Trek ya kwanza mwaka 1968 akiwa wahusika wawili tofauti. Mwaka huohuo waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Machi hadi Agosti. Msimu ukaanza kwa kuchelewa, ukapunguzwa hadi episodi 22, na ya kwanza, "The Child", ikatengenezwa kutokana na mswada wa tamthilia ya miaka ya 1970 ambayo haikuwahi kurushwa. Muldaur mwenyewe alitajwa kila wiki kama mgeni maalumu, jina lake likawa nje ya orodha ya wahusika wakuu. Msimu wa 3 ulipoanza McFadden alikuwa amerudi na Pulaski hayupo. Hakuagwa. Episodi yake ya mwisho, "Shades of Gray", imejaa vipande vya episodi za nyuma vilivyounganishwa ili kubana matumizi, na ndani yake Pulaski kazi yake ni kusimama kando ya kitanda cha Riker, naibu wa nahodha.

Kes hakuchukua nafasi ya mtu. Alikuwa ndani tangu "Caretaker", episodi ndefu iliyofungua Voyager Januari 1995, akiigizwa na Jennifer Lien. Ni wa jamii ya Ocampa, watu wanaoishi miaka tisa tu. Jamii hiyo iliishi chini ya ardhi ikilishwa na kulindwa na kiumbe mmoja mwenye nguvu, na Kes alitoroka kwa kupanda juu mwenyewe, akaangukia mikononi mwa Wakazon. Kwake taabu ilikuja mwishoni. Msimu wa 4 ulipoanza mwaka 1997, Jeri Ryan aliingizwa kama Seven of Nine, na Kes akaondoka katika episodi ya pili ya msimu huo, "The Gift". Wawili hao walikaa chomboni pamoja kwa episodi mbili tu. Seven akawa kipenzi cha watu, na kila anayemkumbuka Kes leo anampima kwa mwanamke aliyekuja wakati yeye anafungasha.

Wa Ezri ndio ulikuwa mtihani mgumu kuliko yote. Terry Farrell aliondoka mwishoni mwa msimu wa 6, na mhusika wake Jadzia Dax akauawa katika "Tears of the Prophets" mwaka 1998. Dax ni kiumbe anayeishi tumboni mwa mwenyeji wa jamii ya Trill, na mwenyeji akifa huhamishiwa kwa mwingine pamoja na kumbukumbu zote. Nicole de Boer akaletwa kumwigiza mwenyeji wa tisa, huku msimu mmoja tu ukiwa umebaki na vita inaendelea. Watazamaji waliokuwa wakimlilia Jadzia wakaletewa msichana mwenye kumbukumbu za Jadzia, anayemwita Sisko, mkuu wa kituo, rafiki yake wa zamani na ambaye Worf, aliyekuwa mume wa Jadzia, hawezi hata kumtazama usoni.

Lawama, na ukweli wake

Hapa Pulaski atatuchukua muda, kwa kuwa kesi yake ndiyo nzito.

Lawama kuu ni jinsi anavyomtendea Data, yule androidi (mashine yenye umbo la mtu) ambaye kila mtu chomboni anampenda. Katika "The Child" analitamka jina lake vibaya. Data anamsahihisha, naye anauliza kuna tofauti gani. Data anajibu kwa upole kwamba moja ni jina lake na jingine silo. Baadaye Troi, mshauri nasaha wa chombo, anakaribia kujifungua na Data anajitolea kukaa naye. Pulaski anapinga, kwa hoja kwamba mzazi anahitaji mguso wa binadamu, si mkono baridi wa mashine. Troi anamkatalia palepale: Data anatosha. Tazama episodi hiyo moja tu na utaona kwa nini watu walimchukia kabla ya tangazo la kwanza.

Nia ya waandishi inaonekana waziwazi. Walitaka kurudisha utani wa Daktari McCoy na Spock wa tamthilia ya kwanza: daktari mkali wa maneno, asiyependa mashine ya kusafirisha watu papo kwa papo, anayebishana na asiye na hisia. Hata woga wa mashine ile Pulaski karithishwa. Walichosahau ni kwamba Spock alikuwa akijibu. Alikuwa mkubwa kwa cheo, mwenye kiburi chake, na kila McCoy alipomchoma alichomwa naye. Data hana kinga hiyo. Anauliza maswali kama mtoto, hachukii, wala hajui kulipiza. Maneno yaleyale yaliyokuwa mchezo kati ya watu wazima wawili yakageuka kuwa mtu mzima anayemsimanga asiyeweza kujitetea. Lawama hii ni ya kweli, na anayekwambia Pulaski hana kosa anakudanganya.

Watu huikuza pale wanaposema kwamba alibaki hivyohivyo. Nenda kwenye "Pen Pals", episodi ya 15. Data amekuwa akiwasiliana kwa redio na mtoto wa kike ambaye sayari yake inakufa, na sheria ya Starfleet inakataza kuingilia maisha ya watu wasiojua kwamba kuna vyombo angani. Maofisa wanakutana chumbani kwa nahodha Picard kujadili. Pulaski anapigania mtoto aokolewe: rafiki yake Data anakaribia kufa, na hilo lina uzito. Worf anasema lina uzito kwa Data. Pulaski anauliza kama hiyo ndiyo sababu ya hisia hiyo kuwa batili. Ni mwanamke yuleyule aliyezungumzia mkono baridi wa mashine, na sasa anauambia mkutano mzima kwamba hisia ya androidi ihesabiwe. Hakuna muziki wa kukuashiria wala anayemkumbusha alichokisema mwanzo. Ukiwa unaandika ujumbe kwenye simu, linakupita.

Lawama ya pili ni kwamba hamheshimu Picard. Hii inategemea unataka daktari wa namna gani. Anapofika chomboni haendi kuripoti kwa nahodha, na Picard anamfuata akiwa amefura, kumbe amekaa na Troi wakizungumza habari ya mimba isiyoelezeka. Mgonjwa kwanza, itifaki baadaye. Kwa wengine huo ni utovu wa nidhamu. Kwetu ndivyo daktari mzuri anavyofanya kazi.

Kes analaumiwa kwa kinyume chake: mpole mno, hana cha kufanya, anapita na trei ya dawa. Nusu ya lawama hii ni kweli, na inawahusu waandishi zaidi ya mhusika. Walimpa uwezo wa akili usio na mipaka, kisha wakawa wanausahau kwa miezi. Wakampa uhusiano wa kimapenzi na Neelix, mwanamume mwenye wivu, ilhali Kes hajafikisha hata miaka miwili. Kwa hesabu ya Ocampa ni mtu mzima, lakini watazamaji wengi hawakustarehe, na hawakukosea. Wakaongeza "Elogium", inayodai kwamba mwanamke wa Ocampa huzaa mara moja tu maishani. Fanya hesabu ya kawaida: wawili wakizaa mmoja kila kizazi, jamii hiyo ilipaswa kuwa imekwisha zamani.

Nusu nyingine si kweli. Katika msimu wa 1 Kes ndiye mtu wa kwanza chomboni kumwona Daktari wa hologramu, taswira inayoendeshwa na kompyuta, kama mtu. Katika "Eye of the Needle" anamwendea nahodha Janeway na kumweleza kwamba wagonjwa wanazungumza mbele ya Daktari kana kwamba hayupo. Janeway anajaribu kujitetea kwamba ile ni programu tu, Kes harudi nyuma, na matokeo yake Daktari anapewa uwezo wa kujizima na kujiwasha mwenyewe. Safari nzima ya Daktari huyo, ambaye mashabiki wanampenda hadi leo, imeanzia kwenye maneno ya huyu wanayesema hana cha kufanya.

Ezri analaumiwa kwa kula muda wa msimu wa mwisho, kwa kuchanganyikiwa kila wakati, na kwa mapenzi yaliyotoka kwa Worf yakaishia kwa daktari Bashir. La muda lina ukweli: "Afterimage", "Prodigal Daughter" na "Field of Fire" zote zinamhusu, na zote zimo katika episodi 13 za kwanza. La mapenzi pia, kwa kuwa yanaharakishwa. La kuchanganyikiwa ndilo lisilo na haki. Mtrill wa kawaida hujiandaa kwa miaka kabla ya kupokea kiumbe. Ezri hakulitaka hilo wala hakujiandaa. Dax aliugua njiani, yeye akawa Mtrill pekee chomboni, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na akaamka ana maisha ya watu wanane kichwani. Kisha anatakiwa kuwatibu wengine akili, maana yeye ni mshauri nasaha. Asingechanganyikiwa, hapo ndipo tungelalamika.

Nani anabadilika zaidi?

Pulaski anabadilika kwa hatua fupi ambazo utaziona ukizitafuta tu. Katika "Elementary, Dear Data" anamwambia Data hawezi kutegua fumbo jipya, kwani ya Sherlock Holmes ameyakariri tu, na ubishi huo unazalisha Moriarty wa hologramu mwenye akili timamu, anayemteka Pulaski mwenyewe. Kufikia "Peak Performance", episodi ya 21, ndiye anayemsukuma Data acheze dhidi ya Kolrami, bingwa wa mchezo wa Strategema, akiamini kabisa atashinda. Data anashindwa, anadhani ana hitilafu, na anajiondoa kazini. Pulaski na Troi wanajaribu kumrudisha na hawafanikiwi. Alianza kwa kusema mashine haiwezi, na anamaliza akitahayari kwa sababu aliiamini kupita kiasi.

Kes ndiye anayekwenda mbali zaidi, na ukweli huo huwashangaza wanaomkumbuka kama nesi mpole. Maisha ya miaka tisa yanaifanya kila episodi kuwa sehemu kubwa ya umri wake. Katika "Cold Fire" anafundishwa kutumia nguvu zake na mtu mwenye nia mbaya. Akijaribu kupasha moto kikombe, anakaribia kumuua Tuvok, mwalimu wake, kwa kuichemsha damu yake. Katika "Warlord" mtawala katili aliyekufa anauingia mwili wake, na Lien anabadilisha sauti, mwendo, hata namna ya kukaa kwenye kiti. Kuanzia hapo hawi tena msichana wa Neelix. Halafu inakuja "Before and After", ambako tunamkuta yuko kitandani akifa kwa uzee, ana mjukuu, na anaanza kuishi kinyumenyume: mjukuu, binti, mume, hadi kabla hajazaliwa. Kila mruko unamwondolea mtu aliyempenda ambaye hajapata bado kukutana naye. Ni miongoni mwa episodi bora za misimu mitatu ya kwanza, na ndani yake ndimo Voyager ilipotaja kwa mara ya kwanza "Year of Hell", hadithi iliyotengenezwa msimu uliofuata Kes akiwa ameshaondoka.

Ezri ana muda mfupi zaidi lakini anafika mbali kwa kasi. Katika "Afterimage" Garak, anayepatwa na hofu ya sehemu finyu, anamdhalilisha kwa maneno makali na yeye anaandika barua ya kujiuzulu. Katika "Tacking Into the Wind" anamwambia Worf usoni kwamba milki ya Waklingoni, watu wa Worf, inakufa na labda inastahili kufa, kwa sababu hata mwenye heshima kama yeye amekubali kuongozwa na mafisadi. Worf ananyamaza. Kabla episodi haijaisha amemuua Gowron, kiongozi wa milki hiyo, na kumkabidhi Martok madaraka. Jadzia alimpenda Worf na utamaduni wake kiasi kwamba asingeyasema hayo hivyo. Ilihitajika mtu anayeyajua yote kama Jadzia lakini asiye Jadzia.

Mzigo wa kumjua

Pulaski hana mzigo. Anza msimu wa 2 episodi ya 1, hata kama msimu wa 1 hukuuona. Kes ana mzigo mdogo: "Caretaker" inatosha kukupa watu wote.

Ezri ni habari nyingine. Ukimwona bila kumjua Jadzia utaona msichana mwenye wasiwasi tu. Afadhali uwe umeitazama Deep Space Nine yote. Ukishindwa, tazama tatu kabla: "Equilibrium" ya msimu wa 3, inayomweleza Joran, mwenyeji muuaji aliyefichwa, "Rejoined" ya msimu wa 4, inayoonyesha mwiko wa Watrill wa kurudia mapenzi ya mwenyeji aliyetangulia, ambao bila kuujua hutaelewa kwa nini hali yake na Worf ni nzito, na "Tears of the Prophets".

Pa kuanzia

Jambo la vitendo kwanza: tafuta episodi kwa jina, usitumie namba. Episodi ndefu za kufungua na kufunga tamthilia huhesabiwa moja mahali pamoja na mbili mahali pengine, na namba zote zinazofuata husogea.

Kwa Pulaski tazama, kwa mpangilio huu, "The Child", "Elementary, Dear Data", "Unnatural Selection", "Pen Pals", "Up the Long Ladder" na "Peak Performance". Ni saa nne na nusu. "Unnatural Selection" ndiyo yake hasa. Watafiti wanazeeka kwa kasi, chanzo ni kinga za mwili za watoto waliotengenezwa maabara, na Pulaski anamchukua mtoto mmoja kwenye chombo kidogo ili asihatarishe wenzake. Data ndiye rubani, na ni mwenza anayefaa kwa kuwa ugonjwa haumgusi. Pulaski anaambukizwa. Tiba ni ile mashine ya kusafirishia anayoiogopa, lakini kwa kuwa ameikwepa miaka yote hakuna rekodi ya mwili wake ndani yake, na wanalazimika kutafuta unywele kwenye brashi yake. Katika "Up the Long Ladder" mtazame na Worf tu. Worf anaugua surua ya Kiklingoni na anaona aibu, Pulaski anamtunzia siri, kisha wanakunywa pamoja chai ambayo kwa binadamu ni sumu, baada ya yeye kujidunga dawa ya kuizuia. Hadithi nyingine ya episodi hiyo, ya wanakijiji wenye asili ya Ireland waliochorwa kama walevi, imezeeka vibaya. "Shades of Gray" iache kabisa.

Kwa Kes: "Caretaker", "Eye of the Needle", "Cold Fire", "The Swarm", "Warlord", "Before and After", "The Gift". Saa sita. Katika "The Swarm" programu ya Daktari inaharibika, fundi Torres anapendekeza ianzishwe upya, na Kes anakataa kwa kuwa miaka miwili ya kumbukumbu itafutika. Itazame karibu na "Eye of the Needle" uone uzi mmoja. Kwepa "Elogium". "Fury" ya msimu wa 6, anaporudi mzee na mwenye hasira ya kutaka kuteketeza kila kitu, usiitazame mpaka umemaliza mengine. Wengi waliomchukia Kes wanaikumbuka hiyo na kusahau kwamba "The Gift" iliisha kwa yeye kukisukuma chombo Voyager mbele kiasi cha kupunguza miaka kumi ya safari ya kurudi nyumbani.

Kwa Ezri, baada ya zile tatu za maandalizi: "Image in the Sand", "Shadows and Symbols", "Afterimage", kisha "The Siege of AR-558" ikifuatwa na "It's Only a Paper Moon", halafu "Field of Fire", na mwishowe mfululizo wote kuanzia "Penumbra" hadi mwisho. Kama saa 14, pamoja na zile tatu. "It's Only a Paper Moon" ni ya Nog aliyepoteza mguu vitani, Ezri yuko pembeni, lakini ndipo unapomwona akijua kazi yake: anamwacha mgonjwa ajifiche kwenye ulimwengu wa hologramu kwa muda, na anajua ni lini inabidi atolewe. "Field of Fire" ni ya upelelezi, muuaji anatumia bunduki ambayo risasi yake husafirishwa na kutokea sentimita chache mbele ya mtu. "Prodigal Daughter", inayotupeleka kwao, ni dhaifu, na usipoiona hutakosa kitu.

Kosa linaloharibu yote haya ni kuanzia kwenye video fupi za mtandaoni za "matukio mabaya ya" fulani. Kwa Pulaski hizo hukata "The Child" na kuishia hapo.

Amchague nani?

Kama unachoshwa na wahusika wa kike wanaochekea kila mtu, anza na Pulaski. Ameolewa mara tatu na bado ni rafiki wa waume wote watatu, na hatafuti kupendwa. Anafaa pia mwenye wikiendi moja tu. Lakini kama Data ndiye kipenzi chako na huwezi kuvumilia asimangwe hata mara moja, hutafika "Pen Pals". Mwache kwa sasa.

Unayependa hadithi za muda na za kukua, au unayemjua Seven of Nine na hujui nani alikuwepo kabla yake, chukua Kes. Kama uhusiano wake na Neelix unakukera, anza moja kwa moja na "Warlord" na ukubali kupoteza utangulizi.

Mwenye subira, au aliyeitazama Deep Space Nine zamani akaacha Jadzia alipokufa, arudi kwa Ezri. Asiyewahi kuigusa tamthilia hiyo asianzie kwake kamwe, hata akiambiwa msimu wa 7 ndio mtamu.

Mkitazama wawili na ladha zenu hazilingani, kwa mfano mmoja anataka vituko na mwingine anataka mazungumzo, "Elementary, Dear Data" na "Before and After" zinaweza kutazamwa usiku mmoja bila maandalizi yoyote, na kesho yake mtajua mnaelekea kwa nani. Na ukimaliza na mmoja ukabaki humpendi, hilo nalo ni jibu. Angalau umemchukia kwa yake mwenyewe.